Maombi ya MBA ya ng'ambo kutoka Biashara Street, Mombasa

Maombi ya MBA ya ng'ambo ni kazi ya kutafuta nafasi katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara inayosomwa kutwa, nje ya nchi ya mwombaji, kwa muda wa miezi 10 hadi miaka miwili. Makala haya yanaitazama kazi hiyo kwa upande wa mwombaji aliyelelewa dukani, na hasa aliyelelewa Biashara Street, mtaa wa leso na vitambaa katika kisiwa cha Mombasa. Mtu huyu ameshika biashara kwa mikono yake mapema kuliko wengi wanaoomba kutoka maofisini. Shida yake ni moja: biashara aliyoijua ni ya kauli, na kamati ya udahili husoma karatasi.

Mtaa na desturi yake

Biashara Street inakutana na Digo Road, barabara yenye Markiti, yaani soko la MacKinnon, ambalo nyuma yake ndipo vinapoanzia vichochoro vya Mji wa Kale. Hapa ndipo mwanamke wa Pwani anapokuja kutafuta leso mpya, na muuzaji wa Kwale au Lamu anapokuja kuchukua mzigo wa jumla. Jina la mtaa linalojulikana mbali zaidi ni la nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, inayohesabu mwanzo wake mwaka 1887 na ambayo leso zake hubeba alama ya Mali ya Abdulla. Nyumba hiyo ndiyo inayotajwa sana kuwa iliasisi uchapaji wa majina kwenye leso, yaani ile misemo iliyo juu ya pindo la chini, kwa herufi za Kiarabu kwanza na za Kilatini baadaye.

Bidhaa huhesabiwa kwa doti, ambayo ni leso mbili, na kwa jumla huhesabiwa kwa korja, vipande 20. Mengi hufanyika kwa mali kauli: mwenye duka hutoa mzigo, mchukuzi huenda kuuza, kisha hurudi na fedha. Hapana mkataba uliotiwa saini. Dhamana ni jina la mtu na la baba yake, na anayevunja kauli mara moja husikika mtaa mzima kabla ya adhuhuri. Utaratibu huu unafanya kazi vizuri, tena kwa gharama ndogo kuliko wakili. Lakini mtoto aliyeendesha mali kauli ya mamilioni ya shilingi kwa miaka sita hana hata ukurasa mmoja wa kuonyesha kwamba aliwahi kuajiriwa.

Shule zenyewe

Harvard ilianza kufundisha MBA mwaka 1908, na muundo wake wa miaka miwili ndio ulioigwa na vyuo vingi vya Marekani. Ulaya ilichelewa. INSEAD, iliyoanzishwa Fontainebleau, Ufaransa, mwaka 1957, ilikuja na kozi fupi zaidi, ambayo leo ni ya miezi 10 na hufundishwa Ufaransa na katika kampasi ya Singapore. Oxford na Cambridge hufundisha kwa mwaka mmoja. Afrika ina shule yake ya siku nyingi katika Chuo Kikuu cha Cape Town, na Nairobi ina Strathmore Business School, iliyoanza 2005.

Kwa mtoto wa duka, urefu wa kozi ni hesabu ya kwanza. Miaka miwili nje ya duka ni Ramadhani mbili na Idd nne bila mtu anayejua bei ya kila pindo. Ndiyo maana kozi za Ulaya zinawafaa wengi, na ndiyo maana wengine huishia kwenye madarasa ya jioni na wikendi ya vyuo vya nchini. Hilo la pili si jambo la kuonea haya. Anayetaka kulirudia duka la baba yake akiwa na hesabu safi atapata mengi hapo kwa sehemu ndogo ya gharama. MBA ya ng'ambo huuza kitu kingine, ambacho ni wanafunzi wenza kutoka nchi nyingi na mlango wa kuingilia kazi ambazo hazitangazwi Mombasa. Asiyehitaji viwili hivyo afikirie tena.

Mtihani

Shule nyingi hutaka alama za GMAT au GRE, ingawa zipo zinazosamehe. GMAT ilianza 1954 kwa jina jingine. Toleo linalofanywa sasa lilitoka Novemba 2023: ni saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika 45 kila moja, na alama kati ya 205 na 805. Sehemu moja ni hesabu, ya pili ni kusoma na kupima hoja kwa Kiingereza, ya tatu ni kufasiri takwimu, majedwali na grafu. Kikokotoo kinaruhusiwa katika hiyo ya tatu tu. Katika hesabu mtu hutegemea kichwa chake na kibao cha kuandikia, na hapa aliyezoea kupiga bei ya korja saba kwa punguzo la asilimia nne huku mteja akimtazama hatishiki upesi. Kinachomwangusha zaidi ni kusoma, kwa kuwa aya za mtihani ni ndefu, kavu, na zimetegwa.

Alama hudumu miaka mitano. Ada ni takribani dola 300 kwa jaribio moja, na mtu anaweza kufanyia nyumbani kwa kompyuta, akiangaliwa kwa kamera. Sharti la chumba ni gumu kuliko linavyosomeka: mtu mwingine akiingia, mtihani unaweza kusitishwa. Katika nyumba za ghorofa juu ya maduka, ambamo bibi, shangazi na watoto wa jirani hawajawahi kubisha hodi kwenye mlango wa ndani, kupata chumba cha upweke kwa saa tatu kunahitaji mazungumzo ya familia nzima siku mbili kabla, na mtu wa kukaa mlangoni.

Majina na vyeti

Jambo dogo linaloweza kula miezi ni jina. Waswahili wengi wa Mombasa hawana jina la ukoo kwa maana ya fomu za Ulaya. Mtu ana jina lake, la baba na la babu. Fomu inadai la ukoo, naye huandika la babu. Cheti cha sekondari, KCSE, kimeandika Mohamed, pasipoti Muhammad, na shahada ya chuo imeacha jina la tatu kabisa. Msomaji wa kamati anaweza kuvumilia. Ofisi ya viza haina mazoea ya kuvumilia. Busara ni kuipanga hati moja baada ya nyingine kabla ya kulipa ada yoyote ya maombi, kurekebisha kwa kiapo mbele ya wakili kinachorekebishika, na kuitumia tahajia ya pasipoti kila mahali kuanzia siku ya kujiandikisha kwa mtihani. Anayesubiri mpaka apate barua ya kukubaliwa atakuwa akikimbia kati ya madawati mwezi wa Julai.

Nakala ya matokeo ya chuo nayo iombwe mapema. Kuhusu Kiingereza, shule nyingi humsamehe mtihani wa lugha aliyesoma shahada ya kwanza kwa Kiingereza. INSEAD kwa miaka mingi ilidai zaidi ya hapo: lugha tatu hadi kuhitimu. Mtoto wa Biashara Street anayezungumza Kiswahili dukani, Kiingereza shuleni na Kigujarati au Kiarabu kwa nyanya yake alikuwa na mtaji huo bila kuutafuta.

Kuliandika duka

Wasifu wa ukurasa mmoja ndio mahali kauli inapogeuzwa karatasi. Neno msaidizi wa duka halisemi kitu. Kinachosema ni kiasi: maduka mangapi ya rejareja yalichukua mzigo kwake, siku ngapi zilipita kabla ya kulipa, sehemu gani ya deni haikurudi, mauzo ya wiki tatu za mwisho za Ramadhani yalikuwa mara ngapi ya mwezi wa kawaida. Mengi ya haya yapo, ila yametawanyika. Malipo ya simu yameacha kumbukumbu tangu M-Pesa ilipoanza 2007. Nyaraka za forodha za bandari ya Kilindini zinaonyesha kontena ziliingia lini na zikiwa na nini. Marejesho ya kodi yako kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Daftari la madeni, lile jembamba lililoliwa pembe na mende, ni chanzo halali kabisa cha takwimu mradi lipigiwe hesabu kwa uaminifu.

Kuuvunja uaminifu huo kuna adhabu yake. Baadhi ya shule huajiri kampuni za kuhakiki waliokubaliwa, na mhakiki akipiga simu dukani na kuambiwa na mjomba kwamba kijana alikuwa akija Jumamosi tu, nafasi huondoka. Kuna familia ambazo hesabu zilizoonyeshwa KRA ni ndogo kuliko zile za daftari. Mwombaji wa nyumba hiyo hawezi kutumia za daftari kwenye wasifu bila kuleta maswali, na ni vizuri alijue hilo kabla ya kuanza kuandika.

Barua za mapendekezo

Shule nyingi hutaka barua mbili, moja ikiwezekana kutoka kwa msimamizi wa kazi. Msimamizi wa mtoto wa duka ni babake, na jamaa hawakubaliwi. Hapa njia zinazotumika ni mteja mkubwa, msambazaji, wakala wa forodha, mkaguzi wa hesabu au meneja wa tawi la benki. Mchukuzi wa mali kauli wa miaka mingi anaweza kuwa shahidi bora kuliko wote, kwa sababu amewahi kumkopa mwombaji, kumchelewesha na kubishana naye.

Ugumu uko kwenye maswali. Fomu humtaka mwandishi amlinganishe mwombaji na wenzake, kisha aeleze lawama nzito zaidi aliyowahi kumpa na jinsi ilivyopokelewa. Adabu ya Pwani haimruhusu mtu mzima kuandika aibu ya mtoto wa mwenzake mbele ya wageni. Matokeo yake ni barua ya sifa tupu: kijana mwema, mcha Mungu, wazazi wake ni watu wa heshima. Kamati huisoma kama barua isiyosema kitu. Mwombaji anapaswa kukaa na mzee huyo, akamkumbusha tukio lenyewe (mzigo uliopotea, bei iliyokosewa) na kumweleza kwamba kosa lililorekebishwa ndilo linalohesabiwa huko. Kuiandika barua mwenyewe na kumpa mzee atie saini ni udanganyifu. Hufanyika sana, na lugha ya barua mbili zinazofanana na insha humfichua mwombaji.

Insha

Stanford kwa miaka mingi imemuuliza mwombaji ni jambo gani lina uzito kuliko yote kwake, na kwa nini. Shule nyingine huuliza malengo ya kazi, au uongozi. Maneno ni machache, mara nyingi mamia tu. Wengi hujaza kwa Afrika nzima: watainua vijana, watabadilisha bara. Muuza leso ana mwalimu mzuri zaidi. Anajua kwamba mteja akishapenda rangi huuliza jina lake, na nguo nzuri yenye jina lisilogusa mtu hubaki rafuni hadi Idd ijayo. Insha iliyosimama juu ya uamuzi mmoja, kwa mfano kukataa kumnyima mzigo mjane aliyechelewa kulipa na kilichofuata katika hesabu, humweka mwandishi mbele ya msomaji. Na hesabu ikiwa ilikwenda vibaya, iandikwe hivyo.

Fedha na riba

Karo ya Harvard imepita dola 70,000 kwa mwaka kabla ya kula na kulala. INSEAD ni takribani euro 100,000 kwa kozi yote. Ada ya maombi peke yake ni dola 250 kule Harvard. Wanafunzi wengi wa kimataifa hukopa, na kampuni kama Prodigy Finance, iliyoanzishwa 2007, huwakopesha bila mdhamini kwa kuangalia kipato cha baadaye. Lakini mkopo huo una riba, na nyumba nyingi za Kiislamu za mtaa huu huacha kuzungumza hapo. Kinachobaki ni ufadhili, akiba, au ndugu wanaochangiana.

Stanford ina ufadhili mahsusi kwa raia wa nchi za Afrika wenye uhitaji, kwa sharti la kurudi kufanya kazi barani kwa angalau miaka miwili. Oxford ina Skoll kwa wenye biashara za kijamii. Chevening ya serikali ya Uingereza hugharimia uzamili wa mwaka mmoja, ila kwa MBA hulipa karo hadi kikomo fulani tu, na anayefadhiliwa hurudi kwao kwa miaka miwili. Tarehe hazisubiri: awamu za kwanza za shule hufungwa Septemba, za pili Januari. Ramadhani huja mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka mingine awamu ya Januari huangukia msimu uleule wa kuagiza mzigo wa Idd, na mwombaji hupambana na fomu usiku baada ya kufunga duka.

Viza

Anayekwenda Marekani hupokea fomu ya I-20 kutoka shuleni, hulipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, na kupanda Nairobi kwa mahojiano ubalozini. Anayekwenda Uingereza hupimwa kifua kikuu, kisha huonyesha fedha za karo iliyobaki na za kujikimu hadi miezi tisa. Fedha hizo lazima zilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Zikiwa za wazazi, cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa huambatanishwa.

Sharti hili huonekana jepesi kwa mwenye mshahara. Dukani fedha haikai. Ikiingia asubuhi, jioni imekwisha kuwa marobota yaliyo njiani kutoka Mumbai au yaliyokwama Kilindini, na baba anayeambiwa aache mamilioni yamelala benki mwezi mzima mwishoni mwa msimu huuliza ni biashara gani hiyo wanayokwenda kufundishwa huko.