Chuma na Mizani: Habari ya Roketi ya Ungwana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1970, katika mwezi wa Mfungo Mosi, sisi watoto wa chuoni katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Malindi tulisikia ngurumo kutoka baharini. Ilikuwa baada ya adhuhuri. Tukaziacha mbao zetu tukakimbia nje, tukaona moto ukipanda juu ya ghuba ya Ungwana, na nyuma yake mkia mrefu wa moshi mweupe. Mmoja wetu akapiga kelele: "Wazungu wanatoboa mbingu!" Tukarudi mbio kwa mwalimu, wadogo wakilia.

Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakuinuka mkekani. Alingoja mpaka tukanyamaza, kisha akasema: "Mbingu ya Mola haitobolewi na fataki. Lakini nyinyi mmekimbia, mmetazama, mmerudi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Chombo kile ni cha nani? Na kimekwenda kufanya nini?"

Nimesomesha miaka mingi tangu siku hiyo, na bado sijapata maswali mawili yaliyo bora kuliko hayo. Leo naona watu wetu wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja likisikia "wataalamu wamesema" huinamisha kichwa kana kwamba limeshukiwa na wahyi. Kundi la pili husema kila kitokacho kwa wazungu ni uwongo, na kwamba mwanadamu hajapata kukanyaga mwezi hata siku moja. Makundi haya yanagombana kila siku barazani, lakini ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yamekimbia kazi ya kuuliza.

CHOMBO KILIKUWA CHA NANI?

Roketi ile ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Wataliani walilisimamisha juu ya miguu ya chuma katika bahari ya Ngomeni. Walipachagua kwetu kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Hapo ardhi huzunguka kwa kasi zaidi, na chombo kirushwacho kuelekea mashariki hupata msaada wa mzunguko huo. Tangu tarehe 26 Aprili 1967 hadi Machi 1988, vyombo tisa vya kuizunguka dunia vilirushwa kutoka ghuba hii yetu.

Kile tulichokiona sisi kilikuwa cha Wamarekani. Kwa kuwa kilirushwa siku ya kuadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wa Kenya, kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutazama miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, miale ambayo hewa ya dunia huizuia isitufikie huku chini. Kilikuwa chombo cha kwanza kupelekwa juu kwa kazi hiyo peke yake. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na habari zake ziliwasaidia wataalamu kukubali kwamba yako yale wayaitayo mashimo meusi. Mkuu wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Basi jawabu la swali la pili la mwalimu ni jema. Chombo hakikwenda kutoboa mbingu. Kilikwenda kuzitazama, na kuutazama uumbaji wa Mola si haramu. Qur'ani yenyewe inatuamrisha tuzitafakari mbingu na ardhi.

Lakini usimalizie hapo, msomaji. Roketi iliyokibeba chombo hicho iliitwa Scout. Sehemu yake ya pili ilitokana na kombora la vita la jeshi la Marekani, liitwalo Sergeant. Jina la juu lilikuwa Uhuru. Tumbo lake lilikuwa la silaha.

MOTO HUU UMETOKA WAPI?

Historia ya roketi ni historia ya vita kabla ya kuwa historia ya elimu. Baruti ilianza kwa Wachina. Katika karne ya 13, Hasan al-Rammah wa nchi ya Sham aliandika kitabu juu ya baruti na vyombo vya moto vya vitani. Huko Mysore, India, Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan walitengeneza roketi zenye mwili wa chuma, wakawapiga nazo Waingereza. Tipu alipouawa tarehe 4 Mei 1799 katika ngome yake ya Srirangapatna, roketi zake zilichukuliwa ngawira zikapelekwa Uingereza. William Congreve akazichunguza, akatengeneza za kwake, na mwaka 1807 zikauteketeza mji wa Copenhagen. Nalitaja hili ili asiseme mtu kwamba silaha ni dhambi ya wazungu peke yao. Nasi tulishika chuma hicho mikononi mwetu.

Kisha Wajerumani, chini ya mhandisi Wernher von Braun, walitengeneza kombora la V-2, lililoanza kuupiga mji wa London tarehe 8 Septemba 1944. Liliundwa ndani ya mapango karibu na Nordhausen na wafungwa wa kambi ya Dora. Wafungwa kama 60,000 walipitia kambi hiyo na matawi yake, na kiasi cha 20,000 walikufa. Waliokufa kwa kulitengeneza ni wengi kuliko waliouawa nalo. Vita vilipokwisha, von Braun hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Marekani, na huko akaongoza kazi ya kuunda roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini Julai 1969. Warusi nao, chombo chao cha kwanza, Sputnik, cha tarehe 4 Oktoba 1957, kilibebwa na roketi iliyoundwa kubeba bomu la nyuklia.

Je, waliufikia mwezi kweli? Naam, waliufikia. Safari sita zilirudi na kilo zipatazo 382 za mawe na udongo, na vioo walivyoviacha kule bado hurudisha mwanga wa leza upelekwao kutoka duniani. Warusi, mahasimu wao wakubwa, walikuwa na macho na masikio ya kuwaumbua lau wangalidanganya, hawakuwaumbua. Anayekanusha bila ya dalili hana fadhila juu ya anayesadiki bila ya dalili. Lakini mwenye insafu, anapokumbuka nyayo zilizobaki mwezini, azikumbuke pia nyayo zilizoishia katika mapango ya Dora.

NANI AANDIKAYE SHERIA YA SILAHA?

Hapa ndipo swali la kwanza la mwalimu linapouma. Chombo ni cha nani? Maana mwenye chombo ndiye aandikaye sheria ya chombo.

Tarehe 2 Julai 1890, huko Brussels, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani, Waturuki, Waajemi na Zanzibar walitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya kuzuia silaha. Bunduki mpya za kupasuka upesi, na risasi zake, zilikatazwa kuingizwa Afrika baina ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini yake. Waafrika waliachiwa waweze kununua magobore ya gumegume na baruti duni. Bunduki nzuri zilikuwa halali kwa askari wa serikali, na kwa msafiri mwenye cheti.

Tusidanganyane, msomaji. Biashara ya watumwa ilikuwako kweli, na watu wa pwani yetu walikuwamo, na bunduki ndiyo iliyokuwa ikichoma vijiji vya bara usiku. Sheria ya kuizuia ilikuwa na haki ndani yake. Lakini tazama haki hiyo ilivyotumika. Septemba ya mwaka ule ule, Wajerumani kadhaa waliuawa Witu, mji ulio nyuma ya Kipini, upande wa kaskazini wa ghuba hii hii ya Ungwana. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle alikuja na manowari za Kiingereza, akashusha jeshi, na mji wa Sultani Fumo Bakari ukateketezwa. Miezi minne haikuwa imetimia tangu wino wa Brussels kukauka.

Na tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zililipiga jumba la Sultani Unguja, kwa kuwa Seyyid Khalid bin Barghash alikikalia kiti bila ya idhini yao. Mapigano hayakutimia hata saa moja. Upande wa Khalid, watu kama 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Hivyo ndivyo inavyokuwa mmoja anapoachiwa gobore na mwingine akajiachia mzinga.

Utasema hayo yamepita. Basi utazame mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Mataifa yaliyolipua bomu kabla ya tarehe 1 Januari 1967 yalihesabiwa kuwa wenye silaha. Waliobaki wakaahidi kutozitafuta. Wenye silaha nao waliahidi kufanya mazungumzo kwa nia njema ili waziondoe. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na maelfu ya mabomu hayo yangali katika maghala. Utazame pia mkataba wa anga wa mwaka 1967. Unakataza kuweka silaha za maangamizi katika mzunguko wa dunia, na hilo ni jema. Lakini kombora lipitalo juu angani likashukia mji wa watu halikukatazwa humo. China mwaka 2007, Marekani mwaka 2008, India mwaka 2019 na Urusi mwaka 2021, kila mmoja alikivunja kwa kombora chombo chake mwenyewe kilichokuwa juu, na majirani wote wakaelewa maana yake.

Sisemi sheria hizi zitupwe. Dunia isiyo na sheria ya silaha ni mbaya kuliko yenye sheria pungufu, na wa kwanza kufa ni mnyonge. Nasema sheria impimayo mmoja na kumwacha mwingine ni kipimo cha mwuza dukani mwenye mawe mawili: moja la kununulia na moja la kuuzia. Kila Mwislamu anajua Mwenyezi Mungu amewaahidi nini wapunjao vipimo.

SHAKA YENYE ADABU

Kuuliza si ukafiri. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufia Misri katika karne ya 11, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy, mkubwa wa elimu ya falaki wa zama za Wayunani. Hakumtukana, wala hakusema nyota ni uwongo. Alisoma, akapima, akaonyesha mahali palipokosewa. Hiyo ndiyo shaka yenye adabu: hutanguliwa na kusoma, na hufuatwa na dalili. Shaka ya mvivu haina kazi hiyo. Huanza kwa "nimesikia" na kumalizika kwa "wallahi".

Kijana mmoja, mwanafunzi wangu, alinijia akitaka shauri. Amepata nafasi ya kusomea uhandisi wa vyombo vya angani, na baba yake amekataa, akisema ni elimu ya kushindana na Mungu. Nilikwenda kwa mzee huyo baada ya magharibi, tukanywa kahawa. Sikumwambia kwamba elimu hiyo ni safi, maana nimekusimulia hapa ilikotoka. Nilimwambia: "Mwenzangu, mimi na wewe tulisimama ufukweni mwaka 1970 tukitazama moshi. Vyombo tisa vilirushwa mbele ya macho yetu, na sisi tulikuwa watazamaji. Ukimzuia mtoto huyu, roketi haitasimama. Itapanda tu, na atakayeulizwa ni ya nani, atataja jina la mtu mwingine. Mwache aende, lakini asiende mikono mitupu."

"Asiende na nini?" aliniuliza.

Nikamsomea aya ya 25 ya Suratul Hadid. Humo Mola anataja kwamba aliwapeleka Mitume kwa hoja zilizo wazi, akateremsha pamoja nao Kitabu na mizani ili watu wasimame kwa uadilifu. Baada ya hayo ndipo anapokitaja chuma, na ndani yake mna nguvu kali na manufaa kwa watu. Angalia mpango wake, msomaji. Kitabu kwanza, kisha mizani, kisha chuma. Chuma cha Tipu, cha Congreve, cha Dora, cha manowari ya Unguja na cha jukwaa la Ngomeni ni chuma kile kile. Kilichotofautiana ni kilichotangulia kabla yake katika moyo wa mwenye kukishika.

Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akamwita mwanawe, akamwuliza shule yenyewe inafunguliwa lini.

Nawe, ndugu msomaji, mtoto wako akija mbio kukwambia ameona moto mbinguni, usimcheke, wala usimtishe. Mwulize maswali mawili ya mwalimu wangu. Na asipojua, mpeleke akasome mpaka ajue.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atulinde na nguvu isiyo na mizani. Wabillahi tawfiq.