Kijiji cha Waswidi Kando ya Mto Dnipro

Vijana wenzangu, leo twende kusini mwa Ukraine, mkoa wa Kherson. Huko kuna kijiji kinaitwa Zmiivka, ukingo wa kulia wa mto Dnipro, karibu na mji wa Beryslav. Ni nchi tambarare ya nyasi na mashamba, miti michache, joto kali kiangazi na theluji majira ya baridi. Sehemu moja ya kijiji ina jina lake: Gammalsvenskby, yaani Kijiji cha Zamani cha Waswidi. Sasa Waswidi walifikaje huko?

Hawakwenda kwa kupenda. Walikuwa wakulima wa kisiwa cha Hiiumaa, Estonia, ambacho wakati huo kilitawaliwa na Urusi. Waligombana na bwana mwenye ardhi, na mwaka 1781 Malkia Catherine wa Pili akaamuru wapelekwe kusini kulima ardhi mpya ya dola lake. Watu wapata 1,000 wakaanza safari, baridi yote ikawakuta njiani. Walifika Mei 1782. Nyumba walizoahidiwa hazikuwepo. Wengi walifia njiani, wengine wakauawa na magonjwa. Machi 1783 walihesabiwa 135 tu.

Hao 135 ndio waliosimamisha kijiji. Walilima, wakavua samaki, wakaoana, wakaendelea kusema Kiswidi chao cha kisiwani. Mwaka 1885 wakapata kanisa jipya. Karibu miaka 150 ikapita, watoto bado wanasema lugha ya nyumbani.

Mwaka 1929, maisha yakiwa magumu chini ya utawala wa Kisovieti, watu takriban 880 waliruhusiwa kwenda Uswidi. Ungesema hatimaye wamerudi kwao. Kumbe sivyo. Walitaka kukaa pamoja kama kijiji, lakini familia zikatawanywa kwenye mashamba mbalimbali. Chakula kilikuwepo, paa lilikuwepo, ila jirani hayupo. Baadhi wakahamia Kanada, wengi wakabaki Uswidi, na watu wapata 250 wakarudi Ukraine. Waliorudi wakakutana na njaa kuu ya 1932 na 1933. Mwaka 1943, jeshi la Ujerumani likirudi nyuma, wakaondolewa tena. Baada ya vita wengine walifika Uswidi, wengine wakaishia kambi za kazi za Kisovieti.

Mwaka 2008 Mfalme Carl XVI Gustaf wa Uswidi alikitembelea kijiji. Mwaka 2022 majeshi ya Urusi yalikiteka, Novemba yakaondoka. Juni 2023 bwawa la Kakhovka likavunjwa, na lile ziwa kubwa lililokuwa mbele ya kijiji likakauka.

Ndugu wahudumu wa misaada, angalieni hapo 1929. Mtu anaweza kupewa kila kitu kwenye orodha yenu na bado akaona amepotezwa, kwa sababu waliokuwa wakimjua wamepelekwa kwingine. Kabla ya kugawa nyumba, muulizeni anataka kukaa karibu na nani.

Na sisi vijana, hawa watu hawakuwa na nchi wala jeshi la kuwalinda. Walichoshika ni lugha na majirani. Leo jioni muulize bibi jina la kile kilima cha nyumbani, kwa lugha yenu. Liandike.