Makanisa na siasa nchini Kenya

Makanisa ya Kikristo yamekuwa na sauti nzito katika siasa za Kenya, hasa tangu miaka ya 1980. KANU ilipofanywa chama pekee kisheria mwaka 1982, mimbari ilibaki kuwa miongoni mwa mahali pachache ambapo serikali iliweza kukosolewa hadharani.

Mwaka 1986 Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) lilipinga mlolongo, yaani wapiga kura kujipanga nyuma ya mgombea badala ya kupiga kura ya siri. Mlolongo ulitumika hata hivyo mwaka 1988, na baadhi ya wagombea waliokuwa na foleni fupi machoni pa wote walitangazwa washindi. Maaskofu wa Kianglikana Henry Okullu, David Gitari na Alexander Muge, pamoja na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri, hawakunyamaza. Agosti 1990 Muge alikufa katika ajali ya barabarani akitoka Busia, siku chache baada ya waziri Peter Okondo kumwonya kwamba akikanyaga huko hatatoka hai. Waziri huyo alijiuzulu.

Tarehe 7 Julai 1997, siku ya maandamano ya Saba Saba ya kudai mageuzi, polisi waliingia katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, Nairobi, wakawapiga watu waliokimbilia humo.

Heshima ambayo makanisa yalijipatia kwa ujasiri huo iliyumba baada ya KANU kuondoka madarakani mwaka 2002. Katika uchaguzi wa 2007 wachungaji wengi waliegemea wagombea wa makabila yao, na ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100. Februari 2008 NCCK ilikiri waziwazi kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande. Miaka michache baadaye wanasiasa Uhuru Kenyatta na William Ruto, wakikabiliwa na kesi kuhusu ghasia hizo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walizunguka nchi kwa mikutano ya maombi iliyokuwa pia kampeni.

Jaribu kubwa la leo ni fedha za harambee. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibada za Kianglikana. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali, Rais Ruto alichangia kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, fedha za kwaya na za kujenga nyumba ya mapadri. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza zirudishwe.