Miaka 47 Kando ya Duke

Rafiki yangu mmoja, ambaye ndiye aliyenifundisha kusikiliza santuri za jazi, alikuwa akimwonea huruma sana Harry Carney. Mtu mwenye kipaji kile, alikuwa akisema, kupoteza maisha yake nyuma ya mtu mwingine! Kwa miaka mingi nami nilikubaliana naye.

Carney alizaliwa Boston mwaka 1910. Mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka 17, aliingia katika bendi ya Duke Ellington, baada ya Ellington kumwomba mama yake ruhusa. Chombo chake kilikuwa saksafoni ya baritoni, ile kubwa yenye sauti nzito, ambayo msikilizaji wa kawaida haitambui mpaka siku inapokosekana.

Hayakuwa maisha mepesi. Leo mji huu, kesho mji mwingine. Katika miaka ya 1930, walipozuru majimbo ya kusini mwa Marekani, ambako hoteli za Wazungu hazikuwapokea watu weusi, walikodi mabehewa ya treni wakalala humo humo. Na jina lililoandikwa juu ya matangazo lilikuwa moja tu. Wenzake wengine walichoka: Cootie Williams alikwenda kwa Benny Goodman mwaka 1940, na mwaka 1951 Johnny Hodges akaondoka kuanzisha bendi yake, ingawa wote wawili walirudi baadaye. Carney hakuondoka kamwe.

Bendi ilipokuja kusafiri kwa basi, Ellington alipanda gari la Carney. Carney akishika usukani usiku kucha, mkubwa wake ameketi kando. Ningetoa kitu kikubwa kupata nafasi katika kiti cha nyuma cha gari lile.

Kilichonigeuza mawazo ni ule mwisho wa "Sophisticated Lady". Carney anashika noti moja, anavuta hewa puani huku bado anapuliza, na noti haikatiki mpaka ukumbi unaanza kushangilia. Ellington alitunga akiwa na wapigaji wake kichwani, kila mmoja na sauti yake. Ukimtoa Carney, sijui ile tunayoiita sauti ya Ellington ingebaki nini.

Ellington alifariki Mei 1974. Carney alimfuata Oktoba, miezi mitano haijatimia. Rafiki yangu na mimi tungali tunabishana juu ya miezi hiyo.