Bima ya walimu, na wale wa shuleni wasioitwa walimu

Uzi mrefu kidogo, vumilieni.

Kila msimu wa siasa huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, kuna jambo halikosi jukwaani: bima ya walimu. Mmoja asema irudishwe ilikokuwa. Mwingine asema iachwe ilipo, itazoeleka. Wa tatu aahidi kadi mpya kabisa, na watu wapiga makofi. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na mijadala hii nimeifuatilia sana. Kinachonikera ni kwamba wote wabishana kuhusu nani ashike pesa. Hakuna anayeuliza ni nani yumo kwenye bima hiyo na nani hayumo, wala hilo liliamuliwa lini.

Sina haja ya kujifanya sina upande. Mamangu mdogo ni mpishi wa shule, ndani ndani huko baada ya Malindi. Miaka kumi na mitatu sasa yuko mbele ya kuni na sufuria la githeri. Mwaka jana kifua kilimbana, akalazwa. Pale mapokezi wakaangalia kwenye mtandao wakamwambia michango yake haijaingia miezi minne. Mama akashangaa, maana kila mwezi yeye hutia sahihi kwenye daftari la mshahara na makato yameandikwa pale waziwazi. Wiki hiyo hiyo mwalimu wa shule hiyo hiyo alitibiwa hospitali ya kibinafsi akatoka bila kutoa shilingi. Simchukii mwalimu yule. Kusema kweli, walimu ndio waliofungua kikundi cha WhatsApp kumchangia mama, na yeye alikuwa wa kwanza kutuma.

Sasa turudi nyuma.

Kabla ya 1967 mwalimu Kenya hakuwa na mwajiri mmoja. Kuna walioajiriwa na misheni, kuna walioajiriwa na halmashauri. Pwani twaijua vizuri hadithi hiyo, shule za Rabai, Ribe na Kaloleni zilikuwa za wamisionari. Chama cha KNUT kilizaliwa 1957, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kudai mwajiri mmoja kwa walimu wote. Kikashinda: mwaka wa 1967 Bunge likaunda TSC. Tangu hapo mwalimu wa Ganze na mwalimu wa Nairobi wana bosi mmoja, na bosi mmoja maana yake ni mahali pamoja pa kugomea.

Mpishi je? Mlinzi, karani, mama wa kufagia? Hao hawakuhamishwa. Sheria ya elimu ya 1968 ilikuja na bodi za magavana, na wafanyakazi wasio walimu wakabaki mikononi mwa bodi au kamati ya wazazi, kila shule kivyake. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga kuwaonea. Walisahaulika tu. Lakini kusahaulika kwenye sheria ni kubaya kuliko kuonewa, kwa sababu huna hata wa kumlaumu.

Kwa nini hakuna aliyepiga kelele wakati ule? Mimi naona jibu liko upande wa hospitali. Mwaka wa 1965 serikali iliondoa ada ya matibabu ya kawaida kwenye vituo vyake. Mwaka wa 1966 ikaanzisha NHIF, lakini kwa lazima ilikuwa ya wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwenda juu kwa mwezi, pesa nyingi sana enzi hizo. Wa chini yake wakaruhusiwa kujiunga kwa hiari 1972. Kwa hiyo mpishi wa shule hakuwa na bima, ndio, lakini akiugua homa alikwenda hospitali ya serikali kama mtu mwingine. Pengo lilikuwepo ila halikuuma.

Likaanza kuuma Desemba 1989. Hiyo ndiyo tarehe ambayo wanasiasa wetu hawaitaji, ingawa kwangu ni muhimu kuliko zote. Serikali ikaleta utaratibu wa kuchangia gharama, wa kulipa hospitalini, chini ya masharti ya wakopeshaji wa nje. Ulisimamishwa kwa muda 1990, kisha ukarudi polepole. Kutoka hapo, ugonjwa ukawa na bei. Na ugonjwa ukishakuwa na bei, swali la nani ana mwajiri wa kumlipia si dogo tena.

Walimu walikuwa na chombo cha kujibu swali hilo. Oktoba 1997, miezi miwili hivi kabla ya uchaguzi, waligoma nchi nzima na serikali ikatia sahihi. Tangazo la kisheria nambari 534 la mwaka huo liliandika mpaka marupurupu: nyumba asilimia 50 ya mshahara wa msingi, matibabu asilimia 20, usafiri asilimia 10. Uchaguzi ulipopita, ahadi zikaanza kukwama. Bado walikuwa wazidai Juni na Julai 2013. Mimi nilikuwa darasa la tatu, twacheza mpira tu mchana kutwa, na mama mdogo akakaa nyumbani. Mgomo haukuwa wake, na hata ungefaulu, hakuna shilingi ambayo ingemfikia.

Mwaka wa 2015 TSC ikaleta bima kupitia Minet. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu jukwaani hupindishwa. Bima ile haikuwa zawadi ya serikali. Yale marupurupu ya matibabu ambayo mwalimu alikuwa apokee mkononi ndiyo yaliyogeuzwa kuwa malipo ya bima. Ni pesa ya mwalimu, sehemu ya jasho lake. Mwanasiasa akisema "tuliwapa walimu bima", mwalimu ana haki ya kuguna. Malalamiko nayo yalikuwa mengi, ya watu kurudishwa hospitalini na ya vituo vya mbali, na mwalimu wa Magarini ayajua kuliko mimi. Desemba 1, 2025 wakahamishiwa SHA, na ndio mabishano tuliyo nayo leo.

Yote haya, 1997, 2013, 2015, 2025, yalipita juu ya kichwa cha mpishi.

Kuna kichekesho kimoja lazima nikiseme. Mwaka wa 2018 serikali ilianzisha EduAfya, bima ya wanafunzi wa sekondari za umma chini ya NHIF, shilingi 1,350 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ilidumu mpaka mwisho wa 2023. Nami nilikuwa nayo. Kwa hiyo pale shuleni mwalimu ana bima maalum, mwanafunzi ana bima maalum, halafu anayewapikia wote wawili na anayewalinda usiku hawana. Niliikalia miaka minne sikuwahi kuliona hilo. Mtoto wa shule huona chakula, haoni mpishi.

Atakuja mtu hapa aseme: mpishi naye ni Mkenya, ana SHA kama wewe na mimi. Kweli, na tuwe waadilifu kwenye hesabu. Makato ni asilimia 2.75 ya mshahara, lakini hayashuki chini ya shilingi 300. Mama mdogo hulipwa 9,000. Asilimia 2.75 ya hizo ni 247.50, kwa hiyo yeye hukatwa 300, ambayo ni zaidi ya asilimia 3. Mwenye 45,000 hukatwa 1,237.50, asilimia 2.75 kamili. Yaani mwenye kidogo ndiye atoaye sehemu kubwa zaidi. (Enzi ya NHIF ya 2015 alikuwa akikatwa 400, kwa hiyo hapo amepata nafuu. Nalitaja ili msinirukie.) Tena mwajiri haongezi chochote juu. Kwenye ushuru wa nyumba mwajiri hulipa sawa na mfanyakazi, kwenye afya hapana.

Lakini shida ya mama haikuwa 300. Zilikatwa. Sheria yataka mwajiri azipeleke kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na mwajiri wake ni bodi ya shule moja ya kijijini, inayosubiri mgao wa serikali ambao wachelewa kila muhula. Kumbukeni elimu ya msingi ya bure ilipoanza Januari 2003, serikali ilitoa shilingi 1,020 kwa mtoto kwa mwaka, na mishahara ya wafanyakazi wasio walimu ilikuwa itoke humo humo, pamoja na maji, stima na ukarabati. Mgao ukichelewa, TSC humlipa mwalimu kama kawaida. Anayesubiri ni mpishi. Silitetei la kukata pesa ya mtu na kukaa nayo, ni kosa. Nasema tu chanzo chake ni kirefu kuliko mkuu wa shule mmoja.

Na kuna sheria nyingine, ile ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Yamtaka mwajiri awe na bima ya mfanyakazi anayeumia kazini, au anayepata maradhi ya kazi. Haisemi "isipokuwa jikoni". Nimemuuliza mama kama amewahi kusikia habari za bima hiyo. Akacheka mpaka akakohoa.

Wafanyakazi hawa wana chama, KUDHEIHA, na shule zimo kabisa ndani ya jina lake refu. Ila fikiria kazi yake: KNUT yakaa mezani na mwajiri mmoja, KUDHEIHA yabisha mlango wa kila bodi. Ndiyo maana nasema ugomvi wa Minet au SHA ni wa haki kwa walimu, pesa ni zao, lakini si wote. Mgombea akija kwenu Gongoni, Watamu, Vitengeni, popote, akianza habari za bima ya walimu, mwacheni amalize. Kisha muulizeni mshahara wa mpishi walipwa na nani, na mgao ukichelewa michango yake ya afya yaenda na nani. Muulizeni kama yuko tayari kuwaleta wafanyakazi hawa chini ya mwajiri mmoja, na pesa zatoka wapi. Hilo la mwisho ni gumu kweli, nami sitaki jibu la makofi.

Mama mdogo amerudi kazini tangu muhula ulipofunguliwa. Bodi imejenga bomba la moshi, lakini ni fupi, upepo wa kusi ukivuma moshi warudi ndani. Juzi nilimwangalizia michango yake. Mwezi uliopita umeingia. Ile miezi minne bado.