Askari Ana Sanamu, Mpagazi Ana Soko



Kila ifikapo tarehe 11 Novemba, sisi tunaoishi Uingereza husimama kimya dakika mbili pamoja na majirani zetu, mbele ya mnara wa kumbukumbu wa mji. Mnara wetu hapa si wa fahari. Ni jiwe lenye majina ya vijana waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Jina la ukoo mmoja limerudiwa mara tatu. Hata mgeni akilisoma huona huruma, maana anajua ipo nyumba iliyofiwa mara tatu.

Hapo mawazo yetu hurudi Dar es Salaam, kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe. Sanamu ya Askari imesimama pale tangu 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Kabla yake mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliiondoa ikapelekwa kwao, kisha ikafika Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha katika miaka ya 1960. Kumbe hata shaba hubadilishiwa heshima, utawala ukibadilika.

Askari wetu ameelekeza singe yake upande wa bandari, katika mji ambao jina lake lenyewe linataja salama. Chini yake yapo maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanaahidi kuwa apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Tukauliza: jina lipi? Pale hakuna hata moja.

Sisi wahandisi tumezoea kupiga hesabu, basi na tupige. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa jeshi, na palipokosekana reli mzigo ulikwenda kichwani. Tuchukulie mtu amebeba kilo 25 za unga na anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku 10 na kurudi siku 10 atakuwa amekula kilo 20, na kilichofika kwa askari ni kilo 5. Ili kufikisha kilo 1,000 wanahitajika watu 200. Ndiyo maana Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja. Wengi walichukuliwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917, na Wajerumani nao walifanya hivyo hivyo upande wao. Waliokufa kwa upande wa Waingereza hukadiriwa kukaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi na njaa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini safari ile nyasi ziliumia na tembo zikawabeba.

Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita iliomba radhi. Ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Radhi hiyo ilichelewa miaka mia. Tumeipokea, ila haimrudishii mtu jina.

Lakini wenyeji hawakungoja tume. Kambi ya wapagazi ya Dar es Salaam iliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, watu wakaitamka Kariakoo. Nairobi nako ikawa Kariokor. Kila anayekwenda kununua nyanya au vitenge anawataja wapagazi, ajue asijue. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, jina halikuungua.

Twaonaje basi? Sanamu hutufundisha kuwa vita ni kijana mwenye bunduki, kifua mbele. Kariakoo hutukumbusha kuwa vita ni mzigo, na kwamba anayeubeba si yule aliyeuanzisha. Mtoto akifundishwa la kwanza tu, atakua akivitamani vita. Akijua na la pili, atauliza kwanza nani atabeba.

Na tukumbuke kuwa 11 Novemba haikuwa mwisho wa vita kwetu. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Basi tunatoa ombi. Tarehe 25 Novemba mwaka huu, kila nyumba impigie simu mzee aliyebaki nyumbani na kumwuliza: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa kubeba mizigo asirudi? Andikeni jina lake, na la kijiji chake. Yakipatikana hata matano, tutayasoma kwa sauti mkutanoni, kisha ndipo tukae kimya.