Nani Aliulizwa? Historia ya Usanidi wa Kiini cha Linux na Hatima ya Maunzi Makuukuu

Mnamo Septemba 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alitoa toleo la 0.01 la kiini cha Linux. Kiini, au kerneli kama mafundi wengi wanavyoiita, ni sehemu ya mfumo endeshi inayosimama baina ya programu na maunzi. Ndicho kinachozungumza na diski, kibodi na kadi ya mtandao. Ndani ya msimbo wa toleo hilo lilikuwamo faili dogo la usanidi lenye chaguo mbili tu za diski kuu: ya Torvalds mwenyewe na ya mwenzake, Lars Wirzenius. Aliyechagua ya kwanza alihesabiwa kuwa na kumbukumbu ya megabaiti 8. Aliyechagua ya pili, megabaiti 4. Mpangilio wa kibodi ulikuwa wa Kifini. Mtu wa tatu alilazimika kulifungua faili, kuandika vipimo vya diski yake, kisha kukompaili kiini upya. Orodha ya maunzi yaliyotambuliwa ilikuwa, kwa hakika, orodha ya watu wawili waliofahamiana.

Makala haya yanadai kwamba historia ya usanidi wa kiini hicho ni historia ya swali moja, yaani kifaa hiki kitambuliwe au kisitambuliwe, likihama kutoka kwa mwenye mashine kwenda kwa watu asiowajua. Katika nchi zetu, ambako kompyuta za mitumba zingali zinafundishia, suala hili haliwahusu mafundi peke yao.

Katika miaka ya 1990 mwenye mashine aliulizwa maswali mstari kwa mstari: je, unayo kadi hii ya sauti? Je, diski yako ni ya aina hii? Jibu la ndiyo liliingiza kiendeshi ndani ya kiini, na la hapana lilikiacha nje. Aliyekosea katikati alianza upya. Kufikia toleo la 1.2, Machi 1995, jibu la tatu lilikuwa limepatikana: moduli, yaani kiendeshi kilichokompailiwa kando na kupakiwa kinapohitajika. Jibu hilo lilionekana dogo, lakini ndilo lililohamisha mamlaka. Msambazaji sasa aliweza kukompaili karibu viendeshi vyote kama moduli, na mtumiaji asiulizwe chochote. Aliyewahi kusubiri kiini kikompailiwe kwenye kompyuta dhaifu hatalibeza jambo hilo.

Mvutano mkubwa ulizuka kuhusu lugha ya usanidi yenyewe. Programu tatu tofauti zilisoma faili zilezile, kila moja kwa tafsiri yake, na mara nyingine zikatoa matokeo yasiyolingana. Mwaka 2000 Eric S. Raymond alipendekeza mfumo mpya, CML2, ulioandikwa kwa Python. Mwaka 2001 ilionekana kwamba ungeingizwa katika mfululizo wa 2.5, lakini haukuingizwa. Badala yake, Oktoba 2002, ilikubaliwa Kconfig ya Roman Zippel katika toleo la 2.5.45. Mkasa huu husimuliwa kama ugomvi wa tabia za watu. Kwa maoni yangu, kiini cha mvutano kilikuwa mzigo: CML2 ingemlazimu kila anayekompaili kuwa na Python, na ilitaka kubadilisha mambo mengi kwa mara moja.

Kconfig ingali ikitumika, na chaguo zake zimepita 10,000. Hakuna mtu awezaye kujibu maswali hayo yote. Ndiyo maana Steven Rostedt alibuni njia, iliyoingia katika toleo la 2.6.32 mwaka 2009, inayotazama moduli zinazotumika wakati huo kwenye mashine na kuziacha nyingine. Hapo inaulizwa mashine yenyewe.

Lakini mashine nayo inaweza kukaa kimya. Mwaka 2012, Ubuntu 12.10 iliacha kutoa kiini kisichotumia PAE, mbinu inayokiwezesha kichakataji cha biti 32 kufikia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4. Baadhi ya kompyuta za mkononi zenye Pentium M, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003, zikashindwa kuwaka kwa mfumo huo mpya. Ajabu ni kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa na PAE. Vichakataji vyake havikuitangaza tu. Mwaka 2014 ndipo ilipopatikana amri ya kukilazimisha kiini kuitumia. Kwa muda wote huo zilihesabiwa kuwa zimepitwa na wakati, ilhali sifa iliyodaiwa zilikuwa nayo.

Wakati huohuo, Desemba 2012, Ingo Molnar aliwasilisha mabadiliko ya kuondoa kichakataji cha 386, aina ileile aliyoitumia Torvalds kuanzishia Linux. Torvalds aliyakubali bila kuonyesha huzuni, na toleo la 3.8 la Februari 2013 likatoka bila 386.

Washauri wa sera wasiyachanganye matukio haya mawili. Pentium M ilifungiwa mlango na chaguo la msambazaji. Msimbo ulikuwapo, na fundi mmoja mwenye subira angeweza kukompaili kiini kinachoifaa shule yake. 386 iliondolewa katika msimbo wenyewe, na hakuna jibu la usanidi linaloweza kuirudisha katika matoleo mapya. Itanium nayo, iliyobuniwa kwa seva za gharama kubwa, ilikosa wa kuitunza ikaondolewa katika toleo la 6.7, Januari 2024. Mwenye kuihitaji amebaki na 6.6 na yaliyolitangulia.